Kwa nini barabara ya mtaa huchimbwa miezi kabla ya kuonekana lami

Barabara ya mtaa ikianza kufumuliwa, iwe Ng'ambo ya mji wa Unguja, Chake Chake au Wete, maswali ya barazani huwa ni yale yale. Lami ilikuwepo, ina mashimo tu. Kwa nini wasiyazibe wakamaliza? Kwa nini wamechimba mpaka kiunoni, wakafukia, wakarudi kuchimba pale pale? Mbona mwezi wa tatu huu na bado tuna vumbi na mbao za kuvukia kuingia dukani? Wapo wanaosema mkandarasi anavuta muda, wapo wanaosema fedha zimeliwa. Huenda pakawa na mtaa ambao hayo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya barabara iko chini ya ardhi, na anayeifahamu ataweza kutofautisha kazi inayozembewa na kazi inayokwenda sawasawa.

Kwanza tutenganishe kazi tatu ambazo mtaani zote huitwa kutia lami. Kuziba viraka ni kukata sehemu iliyoharibika na kujaza nyingine. Kutandika lami juu ya lami ni kuongeza tabaka jipya la sentimita 4 au 5 bila kugusa kilicho chini. Kujenga upya ni kuondoa kila kitu mpaka kufika kwenye udongo wa asili, kisha kuanza kupanda tena tabaka kwa tabaka. Ya kwanza ni kazi ya siku, ya pili ya wiki, ya tatu ya miezi.

Kiraka kinafaa pale tu ambapo msingi wa barabara ni mzima. Tazama lami yenyewe: ikiwa imepasuka vipande vidogo vidogo vilivyoshikana, na njia za magurudumu zimebonyea, basi chini pameshalowa na hapashiki tena. Ukiziba hapo, shimo litarudi masika ijayo, tena kubwa zaidi, kwa sababu ukingo wa kiraka nao ni mahali papya pa kupitisha maji.

Maji kabla ya magari

Lami ni bati la paa. Bati halibebi nyumba. Linazuia maji, na uzito unabebwa na kuta. Katika barabara ya mtaa lami ni kiasi cha sentimita 5 tu, wakati matabaka ya kifusi na kokoto yaliyo chini yake hufika sentimita 30 hadi 40. Yakibaki makavu, matabaka hayo yatabeba malori ya mchanga miaka na miaka. Yakilowa, malori hayo hayo yatayavunja kwa msimu mmoja. Kwa hiyo anayesema barabara imeharibika kwa sababu lami ilikuwa nyembamba, mara nyingi analaumu pasipo. Lami nene juu ya msingi uliolowa hupasuka vile vile, isipokuwa imegharimu zaidi.

Na mvua yetu si haba. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, Pemba zaidi ya hapo, na sehemu kubwa hunyesha masika, Machi hadi Mei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua barabara yenye urefu wa mita 400 na upana wa mita 12 pamoja na njia za miguu: hizo ni mita za mraba 4,800. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, itaangusha hapo lita 240,000, yaani magari 24 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Hapo hatujahesabu mapaa ya nyumba za pande zote mbili, ambayo mengi yanamwaga barabarani.

Ili maji hayo yaondoke, barabara yenyewe lazima iwe na mgongo. Katikati inakuwa juu na pande zinashuka, kwa kawaida asilimia 2.5. Upande wenye upana wa mita 3 unashuka sentimita 7.5 kutoka katikati hadi ukingoni. Ni kidogo kiasi kwamba jicho halioni, lakini mgongo ukikosekana kila kibonyeo kinageuka dimbwi. Kutoka ukingoni maji yanaingia mtaroni, na huko nako panahitaji mwinamo. Kushuka sentimita 30 kwa kila mita 100 ndiyo hali ya mwisho ya kuvumilika. Nusu mita ni salama zaidi. Mwinamo ukipungua hapo maji hupunguza mwendo, mchanga hutuama, na baada ya miezi michache nusu ya mtaro imejaa.

Sasa fanya hesabu. Nusu mita kwa kila mita 100, kwa barabara ya mita 400, ni kushuka mita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mtaa ulio tambarare mita 2 hizo hazipo juu ya ardhi, zinatafutwa kwa kijiko, yaani mashine ya kuchimbia. Ndiyo maana mtaro ule ule unaweza kuanza ukiwa wa magotini na kuishia ukipita kimo cha mtu mzima, na ndiyo maana kazi ya mtaro huanzia mwisho, kule maji yanakomwagikia, ikapanda kuelekea juu. Mkandarasi akianzia juu kisha ikaja mvua, maji yanakusanyika kwenye shimo ambalo halina pa kutokea.

Mji wa Unguja una mtihani wake mwingine. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ulipita mkono wa bahari ambao ulijazwa kidogo kidogo. Barabara ya Benjamin Mkapa, iliyokuwa ikiitwa Creek Road, inafuata mstari huo. Sehemu nyingine, kama Sebleni na Mwanakwerekwe, ni mabonde ambayo maji ya mvua yamezoea kutuama. Mahali pa namna hiyo hapakauki kwa kutiwa lami. Panakauka kwa mtaro mkubwa unaotoka nje kabisa ya mtaa, na mtaro huo huwa ni mradi peke yake, wenye fedha zake na ratiba yake. Barabara ya mtaa ikikamilika kabla mtaro mkuu haujafika, itasubiri maji miguuni, hata ikiwa imejengwa kwa ustadi.

Kisha iko bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufika mita 4 hivi. Mdomo wa mtaro unaotoka baharini huzibwa na maji yanapojaa, na mvua kubwa ikikutana na saa hizo, maji ya mtaani hayana njia mpaka bahari ianze kupwa. Watu huona mafuriko ya saa mbili au tatu wakasema mtaro ni mdogo. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mtaro unatosha kabisa, ila mlango wake umefungwa na bahari. Dawa yake ni kifuniko cha bawaba mdomoni, kinachoruhusu maji kutoka na kuzuia ya bahari yasirudi, pamoja na nafasi ya kuyahifadhi maji ya mvua kwa muda huo.

Pemba hali ni nyingine. Chake na Wete zina miinuko, na udongo wa mfinyanzi ni mwingi. Huko maji hayatuami, yanakimbia, yanakula ukingo wa lami kutoka pembeni mpaka barabara inabaki na midomo mikali. Mtaro wa kule unahitaji ngazi za zege ndani yake za kuvunja mwendo wa maji, na kuta za mawe zinazoshuka chini zaidi kuliko sakafu ya mtaro ili zisichimbwe.

Kwa nini wanachimba mara mbili

Hili ndilo linalokera watu kuliko yote. Chini ya barabara ya mtaa hupita bomba la maji, waya wa umeme, nyaya za simu na intaneti, na sehemu za mji bomba la maji machafu. Kila kimoja kina kina chake. La maji machafu huwa chini kabisa kwa sababu linategemea mwinamo. Bomba la maji safi linahitaji udongo wa kiasi cha sentimita 90 juu yake ili lisivunjwe na malori. Waya wa umeme hulazwa ndani ya mchanga kwa sentimita 60 hadi 80, na juu yake huwekwa utepe wa rangi kali ili mchimbaji wa kesho aonywe kabla hajaufikia.

Kazi ikipangwa vizuri, cha chini hulazwa kwanza na kufukiwa, kisha kinachofuata. Kwa hiyo kuchimba, kufukia na kuchimba tena pembeni yake si lazima kuwe uzembe. Uzembe ni pale lami imeshatandikwa, halafu baada ya miezi miwili anakuja mtu kupasua barabara apitishe bomba. Hilo hutokea pale Mamlaka ya Maji, Shirika la Umeme, kampuni za simu na wenye barabara wanapokuwa hawajakaa meza moja kabla ya kijiko kuingia.

Kinga yake ni rahisi, na inasikitisha inapoachwa. Barabara ikiwa wazi, hulazwa mabomba matupu ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 110 au 160, yakikata barabara kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kila ncha ikaishia kwenye chemba yenye kifuniko. Moja kila baada ya mita 50 hadi 100 linatosha. Siku ya kutaka kupitisha waya, unavutwa ndani ya bomba na lami haiguswi. Mwananchi akiitwa kwenye mkutano wa shehia kuhusu barabara yake, aulize hili kabla ya kuuliza rangi ya taa: mabomba matupu yatakuwa mangapi, na wapi?

Ufukiaji nao una siri yake. Udongo hurudishwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila moja likashindiliwa kwa mashine ndogo kabla ya kumwaga linalofuata. Handaki la mita moja likifukiwa kwa mara moja na kushindiliwa juu tu, udongo wa chini utaendelea kushuka kwa miezi, na unaweza kubonyea sentimita 8 au 10. Lile bonde jembamba linalokata lami, ambalo bodaboda hulikwepa, lilianza siku hiyo. Na katika ardhi ya mawe ya matumbawe hutokea mapango madogo wakati wa kuchimba. Yakijazwa udongo mlegevu, maji ya chini huubeba, na ipo siku barabara itazama ghafla. Hujazwa mawe na zege, na mhandisi msimamizi huandika mahali lilipokuwa kila pango.

Matabaka, na wanachokipima

Baada ya mabomba ndipo barabara yenyewe inapoanza kupanda. Udongo wa asili hushindiliwa, juu yake huja kifusi cha sentimita 15 hadi 20, kisha kokoto zilizovunjwa za unene kama huo, kisha lami. Kifusi cha matumbawe, kilicho kingi Unguja, ni rafiki mzuri wa tabaka la chini: kikimwagiwa maji na kushindiliwa, chokaa iliyomo hushikana na kuwa ngumu kadiri siku zinavyokwenda. Kwa tabaka la juu ni laini mno, husagika na kuteleza. Hapo panatakiwa kokoto za mwamba mgumu, nazo ni za kuvushwa kutoka Bara, jambo linaloongeza gharama na linaloeleza kwa nini kazi husimama siku kadhaa ikisubiri meli.

Maji ya kushindilia yana kipimo. Udongo mkavu mno haushikani, na uliolowa mno huhamahama chini ya rola. Fundi hufinyanga konzi moja mkononi: ikishikana bila kuacha tope kiganjani, imekaribia. Lakini hilo ni la kukisia tu. Kipimo halisi hufanywa kwa kuchimba kishimo, kupima uzito wa udongo uliotoka, na kukijaza mchanga maalumu ili kujua ujazo wake. Matokeo yanatakiwa yafike angalau asilimia 95 ya ushindiliwaji uliopatikana maabara. Ukiona watu wawili wamechuchumaa barabarani na mizani na kopo la mchanga, hawapotezi muda. Siku ya kupima ni bora kuliko mwaka wa kuziba mashimo.

Kuna jaribio ambalo hata asiye mhandisi anaweza kulitazama. Lori lililojaa hupitishwa polepole juu ya tabaka lililokamilika, na mtu hutembea kando akitazama gurudumu la nyuma. Udongo ukibonyea na kurudi, pale hapajawa tayari, hata kama juu panaonekana pagumu na pamenyooka. Panafukuliwa na kukaushwa au kubadilishwa kifusi. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo inayoonekana kwa mpita njia kuwa ni kuchezea, nayo ndiyo dalili bora kabisa kwamba msimamizi yuko macho.

Juu ya kokoto hunyunyizwa lami nyepesi ya kuziba vinyweleo, ambayo huachwa siku moja au mbili inyonywe. Kisha lami yenyewe humwagwa ikiwa na joto la nyuzi 140 hadi 160 na rola hutakiwa zimalize kabla haijashuka chini ya nyuzi 100 hivi. Mvua ikinyesha katikati ya kazi, msimamizi mwenye msimamo husimamisha malori, hata kama lami iliyomo itatupwa. Ndiyo maana wakati mwema wa kutandika ni baada ya masika, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma na mvua imepungua. Mradi unaofungua mahandaki mwezi wa Februari unajiombea matatizo.

Barabara isiwe juu ya mlango wako

Imani iliyoenea sana ni kwamba mtaa unaofurika dawa yake ni kuinua barabara. Inainuka, kweli, na gari zinapita pakavu. Maji nayo yanahamia nyumbani. Mitaa mingi ya zamani imeshatandikwa lami juu ya lami mara kadhaa, kila mara sentimita 5, mpaka baraza lililokuwa la kukalia miguu ikining'inia sasa liko sawa na barabara, na kila mvua mwenye nyumba anajenga kizingiti cha matofali mlangoni. Hapa ndipo kujenga upya kunapolipa gharama yake: lami ya zamani inaondolewa yote, na barabara inashushwa mpaka njia ya miguu iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15 au zaidi.

Hili mkaazi anaweza kulikagua mwenyewe mapema, kabla zege halijamwagwa. Wapimaji hupiga vigingi pembeni mwa barabara, kila kimoja kina alama ya kimo, na uzi hufungwa kutoka kimoja hadi kingine. Muulize mpimaji uso wa lami utakuwa wapi kulinganisha na alama ile. Kisha vuta uzi mpaka mlangoni kwako, uweke sawa kwa pima maji, upime kwa futi. Ukikuta barabara itakuwa juu, pale ndipo pa kwenda kwa sheha na kwa mhandisi siku hiyo hiyo. Baada ya mawe ya ukingo kupangwa, kubadilisha kimo ni kubomoa.

Njia za miguu, mitaro iliyofunikwa na miti

Mita 12 zinaweza kugawanywa hivi: mita 6 za magari, mita 2 za miguu kila upande, na mita moja kila upande ya miti, taa na viti. Wapo wanaotaka mita zote zipewe magari ili foleni iishe. Lakini foleni ya barabara ya mtaa kwa kawaida hutokana na daladala inayosimama katikati kwa kukosa kituo, na gari lililoegeshwa mbele ya duka. Kituo cha kando chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 3 kinasaidia zaidi kuliko kupanua barabara nzima, ambayo huishia kuwa mahali pa kuegesha na pa kukimbilia mbele ya skuli.

Vitofali vya kupanga si lami ya maskini, kama wengine wanavyosema. Vinafaa sana mahali panapochimbwachimbwa, kwa sababu vinafumuliwa na kurudishwa. Vya milimita 60 ni vya watembea kwa miguu, vya milimita 80 ni vya magari. Vile vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 kwa mita moja ya mraba. Chini yake pana mchanga wa sentimita 3 tu. Fundi anayetumia mchanga wa sentimita 8 kusawazisha msingi uliopinda anatengeneza mabonde ya mwaka kesho. Na bila mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa zege, vitofali vya pembeni vinasogea, kisha vya katikati vinafuata.

Mfuniko wa mtaro ni kitu kidogo kinachoharibu kazi kubwa. Wenye sentimita 60 kwa 50, unene wa 10, una uzito wa kilo 72 hivi: watu wawili wanauinua, mtaro unasafishwa. Ukiufanya mkubwa zaidi hakuna atakayeufungua, na mtaro utaziba gizani. Mbele ya lango la gari panahitaji mzito zaidi na wenye nondo za kutosha. Zege lake lisichanganywe na mchanga wa pwani, kwani chumvi hula nondo, zege linapasuka kwa ndani, na siku moja mguu wa mtoto unazama. Tena mtaro wa mvua ni wa mvua: bomba la karo la choo likiunganishwa humo kwa siri, maji hayo yanatokea pwani watu wanakoogelea na kuvulia.

Njia ya miguu iliyoinuliwa sentimita 15 bila mteremko haimfai mwenye kiti cha magurudumu wala mwenye mkokoteni. Mteremko unaofaa ni kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu, yaani mita 1.8 kwa ukingo wa sentimita 15. Miti ipandwe mbali kidogo na ukuta wa mtaro, shimo likiwa na upana wa mita moja au zaidi. Mkungu una kivuli kisicho na mfano, ila katika udongo mfupi juu ya jiwe mizizi yake hupanda na kuinua vitofali. Mwarobaini unavumilia zaidi. Na katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mabadiliko ya vichochoro yana kibali chake peke yake.

Lami ikishakauka

Mikataba ya ujenzi kwa kawaida huweka kipindi cha uangalizi wa kasoro, mara nyingi miezi 12 tangu kukabidhiwa. Katika muda huo sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa, na kasoro anazitengeneza kwa gharama zake. Kipindi kikipita, gharama ni ya umma. Kwa hiyo masika ya kwanza baada ya kukabidhiwa ndiyo mtihani wenyewe, na wakaazi ndio wanaoiona barabara saa mvua inaponyesha, wakati mhandisi yuko ofisini.

Tazama dimbwi lililobaki zaidi ya saa moja baada ya mvua kukatika, mstari uliobonyea juu ya handaki la bomba, mfuniko unaocheza ukikanyagwa, na tundu la mtaro ambalo maji yanalipita bila kuingia. Piga picha ukiweka futi au chupa kando ili ukubwa uonekane, andika tarehe na nyumba iliyo jirani, na mpe sheha nakala kwa maandishi aipeleke kwa mhandisi msimamizi kabla cheti cha mwisho hakijatiwa saini.